Matanga ya Kiboko Uwanjani

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kugombana nao, palikuwa na kijiji kiitwacho Mvumoni. Nimepita vijiji vingi katika maisha yangu, na vingine nilitoka mbio na kiatu kimoja, lakini sijaona watoto waliokuwa na uwanja kama wa Mvumoni.

Uwanja wenyewe uliitwa Kitovuni, kwa sababu ulikaa katikati ya nyumba kama kitovu tumboni. Ukiutazama kwa macho ya mtu mzima, haukuwa na kitu. Vumbi, nyasi kidogo, na kisiki kimoja cha kupandia, chenye uvungu. Ukiutazama kwa macho ya mtoto, haukupungukiwa na kitu. Asubuhi watoto walicheza rede, mchana kombolela, na jioni mchezo walioupenda kuliko yote, mwewe na vifaranga.

Mnaujua. Mmoja anakuwa mama, wengine wanajipanga nyuma yake wameshikana viuno, na mmoja anakuwa mwewe wa kumnyakua aliye mkiani.

"Vifaranga wangu!" huita mama.

"Tupo, mama!"

"Mwewe yuko wapi?"

"Yuko juu!"

"Basi njooni kwangu!"

Hapo kila mtu mguu niponye. Na mkiani mwa mstari, siku zote, alikaa Siwatu, binti wa Bi Sange, kwa kuwa hakuna mwewe wa mchezo aliyewahi kumgusa.

Sange ni mnyama mdogo kama panya, ila pua yake ni ndefu, kama mkonga wa tembo uliokosa mwili. Kazi ya ukoo wao tangu mababu ni kufagia njia. Kila alfajiri Bi Sange alipita njia zote za Mvumoni akiondoa majani na vijiti, ili mtu akipatwa na hatari asijikwae. Na alipomtaka mwanawe hakupaza sauti. Alipiga mguu chini, ti-ti-ti-ti, na Siwatu alifika kabla vumbi la mguu halijatua.

Basi siku moja, jua likiwa utosini, debe likalia. Waliokuja Kitovuni walimkuta Mwenyekiti Kiboko amesimama, na pembeni yake Fisi, mgambo wake, amebeba mzigo wa miiba.

"Ndugu wananchi," Kiboko alisema, na vyungu vikatikisika jikoni. "Hapa uwanjani pameingia Dude."

"Dude gani, Mwenyekiti?" aliuliza Mama Kanga, ambaye alikuwa na watoto kumi na wawili na hofu kumi na tatu.

"Halina jina. Limetoka chini ya ardhi. Jua likifika utosini linapanda, linamshika mtoto kisigino, linamvuta chini. Kwisha."

"Nani kaliona?"

"Mimi hapa," alidakia Fisi. "Lina meno mgongoni."

"Mgongoni linatafunia nini?"

"Mama Kanga," Fisi alisema polepole, "wewe una watoto kumi na wawili. Unataka kuhesabu kumi na mmoja?"

Mama Kanga alifunga mdomo. Nani angeufungua baada ya hapo? Kufikia jioni Kitovuni ilikuwa imezungushiwa boma la miiba lililomzidi twiga kimo.

Kesho yake, saa sita kamili, sauti ikatoka ndani ya boma.

Vuuuuuu. Vuuu-nguu.

Kina mama waliwavuta watoto ndani na kubana milango kwa michi. Wazee waliokuwa wakicheza bao waliacha kete zikiwa hewani. Msiwacheke. Hata mimi, pamoja na kitambi hiki, ningekuwa chini ya meza kabla yao.

Sauti ilirudi kesho, na keshokutwa, na kila mchana. Wiki za mwanzo watoto walirukaruka vyumbani na kuvunja mitungi. Halafu wakaacha kuvunja. Wakakaa tu. Wanangu, kelele za watoto zinachosha, lakini ukimya wao unatisha. Saa za mchana Mvumoni ilinyamaza kama kijiji kilichohamwa.

Siwatu alihamia chini ya kitanda. Mama yake akimpelekea uji, alinyoosha mkono kuuchukua bila kutoka. Akiita ti-ti-ti-ti, mtoto alitingisha sikio tu.

Asubuhi moja Bi Sange alimbembeleza atoke uani aote jua kidogo. Siwatu akatoka, akasimama kando ya kinu. Jirani yao, Mama Kanga, alikuwa akipepeta mchele.

Kivuli kikapita juu ya ua. Kikarudi.

Zamani zile Siwatu angekuwa ameshafika uvunguni mwa ghala. Siku hiyo alisimama. Alikitazama kivuli kikikua miguuni pake, kikikua, kama mtu anayeangalia maji yakimwagika.

"Siwatu!"

Fyuuu. Mwewe wa kweli, yule asiye na mchezo, alishuka kama jiwe. Mama Kanga akarusha ungo wenye mchele wake ndani. Paa! Ungo ukapasuka, mchele ukatawanyika, na Mwewe akapaa akiwa na manyoya kidogo kwenye makucha. Siwatu alibaki pale pale, na michubuko mitatu mgongoni.

"Mwanangu, kwa nini hukukimbia?" Bi Sange alimuuliza akiwa anamfuta damu.

"Sikujua pa kwenda, mama. Miguu imesahau."

Mama Kanga alikuwa anaokota mchele punje kwa punje. Hakuinua kichwa aliposema, "Shoga, Mwewe akishaujua ua, hauachi. Na mimi ungo wangu ulikuwa huo mmoja."

Maneno hayo yalimwingia Bi Sange kama mwiba wa samaki kooni. Miguu imesahau, nayo hufundishwa uwanjani, na uwanjani kuna Dude. Alifikiri, akafikiri. Kati ya Dude asilolijua na Mwewe aliyekwisha kumchana mwanawe mgongo, aliona aogope kwa zamu. Mwewe ameshaogopwa. Sasa zamu ya Dude.

Kesho yake, saa sita ilipokaribia, alichukua ufagio wake, si wa kufagia, wa kushikilia tu, akaenda hadi kwenye boma.

Njia ilikuwa tupu. Kivuli chake kilikuwa kimejikunja chini ya miguu yake kama na chenyewe kimeogopa. Kwenye lango la boma aliona nyayo mpya, pana kama masinia. Nyayo za Kiboko. Zimeingia. Akatafuta zilizotoka. Hakuna.

"Masikini," aliwaza. "Keshaliwa."

Vuuuuuu.

Sauti ilikuwa karibu mno, ikapita kwenye nyayo za miguu yake hadi kwenye meno. Alitaka kukimbia. Miguu yake yeye haikuwa imesahau kitu, ilikuwa tayari imegeuka. Lakini alikumbuka ile michubuko mitatu. Akajibana, akapenya chini ya miiba, mwiba mmoja ukamchana sikio, akatoa pua upande wa pili.

Akaona maji.

Palipokuwa pa rede pamechimbwa dimbwi, na mfereji wa chini kwa chini umeleta maji kutoka mtoni. Nyasi mbichi zimeota kulizunguka. Ndani ya dimbwi amelala Kiboko, masikio tu juu. Na ukingoni Fisi ametumbukiza kichwa kizima ndani ya mtungi mtupu wenye masizi mdomoni.

Vuuu-nguu, mtungi ulisema.

Fisi akachomoa kichwa, akapiga chafya. "Mwenyekiti, leo basi. Mtungi unanuka, na mimi nina njaa."

"Unguruma tena. Kelele za watoto zikirudi hapa mimi nitalala wapi? Kule mtoni tumebanana kama dagaa."

"Na mtu akichungulia je?"

Kiboko alifumba macho. "Nitamkanyaga. Halafu tutasema Dude limemla. Nani atabisha?"

Bi Sange alirudi kinyumenyume, bila kupumua, mwiba kwa mwiba. Alipofika nyumbani alijifungia jikoni na kutetemeka mpaka sufuria ukutani zikagongana. Alikuwa ameliona Dude, na lilikuwa baya kuliko lenye meno mgongoni. Akisema, nani atamwamini mfagiaji dhidi ya Mwenyekiti? Na akiaminiwa, nani atakwenda kumtoa mnyama wa uzito ule mwenye mdomo kama mlango wa ghala?

Ndipo lilipomjia jambo moja.

Ukoo wa Sange na ukoo wa Kiboko ni watani. Mnajua utani. Mtani hapigwi, hafungiwi mlango, na neno lake halikasirikiwi. Na kwenye msiba ndiyo kabisa. Kiboko akifa, kina sange ndio wanaofika wa kwanza. Ndio wanaofungua boma la marehemu, ndio wanaofagia ua wake, ndio wanaomwigiza mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Watoto wa sange huruhusiwa kuruka na kupiga kelele hapo hadi matanga yaishe. Anayewanyanyulia mkono huyo hana kwao.

Siku ya pili, jua likielekea utosini, kilio kikasikika njiani.

"Uwiii, mtani wangu! Uwiii, tumbo la nchi limepasuka!"

Milango ikafunguka nyufa nyufa. Bi Sange alikuwa anatembea na upande wa khanga kichwani na ufagio begani, Siwatu akimfuata kwa kushika mkia wake.

"Kulikoni, shoga?" Mama Kanga alinong'ona dirishani.

"Mwenyekiti kaliwa."

"Na nani?"

"Kwani humo ndani anakaa nani? Njooni mwone nyayo. Zimeingia, hazikutoka."

Wakaja kwa kunyata, wanashikana mikono, kwa kuwa hofu ya kuliona Dude ilikuwa kubwa, lakini msiba ni msiba. Wakainama. Kweli, nyayo zimeingia. Kweli, hazikutoka.

Vuuuuuu, boma likasema. Nusu yao wakakimbia hadi kona. Bi Sange hakukimbia.

"Linacheua," alisema. "Mtu mzito yule."

Ndani ya boma, Kiboko alikuwa amesikia kila neno.

"Mwenyekiti," Fisi alinong'ona, "wanakulilia."

"Nyamaza."

"Ukitoka, watauliza mbona Dude halijakumeza. Usipotoka, umekufa."

"Nimesema nyamaza. Watachoka, wataondoka."

Lakini watu wa msiba hawachoki kabla ya kula. Bi Sange aliagiza sufuria kubwa ije, na kila nyumba ilete kibaba cha mchele, kama desturi. Moto ukawashwa pale pale kwenye lango. Ubwabwa ukaanza kutokota, nazi ikaungwa, na upepo ulikuwa unaelekea ndani.

Fisi alivumilia. Tumsifu, alivumilia muda wa kuhesabu hadi saba.

Akatokea kwa upande wa nyuma, amezunguka boma, shingoni ana duara la masizi kama mtu aliyevalishwa mtungi. "Poleni sana, wafiwa," alisema. "Sahani ziko wapi?"

Akapewa. Akala. Boma likawa kimya.

"Ajabu," alisema Mama Kanga, jicho lake likiwa kwenye ile shingo. "Tangu Fisi ashike sahani, Dude halijasema neno."

"Dude lina adabu, jirani," alijibu Bi Sange. "Halizungumzi watu wakila." Kisha akamgeukia Fisi. "Mgambo, wewe ndiwe unayelijua boma. Mwenyekiti umemwona?"

Fisi alitafuna. Akisema yu hai, ubwabwa utaondolewa. Alitazama sufuria, bado ilikuwa nusu.

"Amefariki," alisema. "Mbele ya macho yangu. Alikufa vizuri, hakusumbua. Neno lake la mwisho aliniachia kiti."

Maji yalisikika yakitikisika ndani. Chubwi.

"Basi tuanze," alisema Bi Sange. Akajaza hewa mashavuni, akatoa tumbo mbele, akatembea kwa kuyumba kama ngalawa iliyojaa mchanga. "Ndugu wananchi! Nimekufa, lakini nafasi yangu ya kulala isiguswe. Nizikeni nimekaa, nikilala naenea wilaya mbili!"

Mtoto mmoja wa Kanga akacheka. Akaziba mdomo, akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anacheka. Kicheko kikaenda kikarudi, na ilikuwa mchana wa jua kali, saa ambayo tangu boma lijengwe hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

"Sasa watani tufungue boma la marehemu," alisema Bi Sange, "na Mwenyekiti mpya Fisi atuongoze."

"Kwa moyo mmoja," alisema Fisi, mdomo umejaa.

Hapo Kiboko alishindwa. Kufa alikuwa ameshakubali, lakini kurithiwa na Fisi, hapana.

Ardhi ikatikisika. Du. Du. Du. Boma likapasuka upande wa langoni, miiba ikaruka angani, na kutoka ndani likaja jitu jeusi linalotiririka matope, mdomo wazi, meno kama michi miwili, halionekani macho.

"Dude!" mtu alipiga kelele, na watu wakatawanyika kama kunde zilizomwagika. Sufuria ikapinduka. Fisi alipanda mti, mnyama ambaye hapandi miti.

Njia ikabaki tupu. Isipokuwa katikati yake, amesimama, mikono imening'inia, Siwatu.

Bi Sange alimwona. Alimwona amesimama kama siku ile ya kinu, anatazama tu lile jitu likikua, likikua. Hapakuwa na ungo. Hapakuwa na mtu. Alijaribu kuita, sauti ikakataa. Mguu ndio uliokubali.

Ti-ti-ti-ti.

Sikio la Siwatu likatingishika.

Ti-ti-ti-ti. Kisha sauti ikarudi, nyembamba, inayokatika. "Vifaranga wangu!"

Midomo ya Siwatu ilifunguka. "Tupo, mama," alisema, polepole kama mtu anayeamka.

"Mwewe yuko wapi?"

"Yuko juu."

"Basi njoo kwangu!"

Miguu ikakumbuka. Siwatu aliruka kushoto, akapiga kona kwenye njia iliyofagiwa asubuhi ile, njia isiyo na jani wala kijiti, na mguu wa Kiboko ukatua pale alipokuwa. Vumbi lilipotua, mtoto alikuwa nyuma ya sketi ya mama yake, anahema, macho makubwa. Na mdomoni, wanangu, alikuwa na tabasamu la mtu ambaye hakuguswa.

Kiboko akasimama mbele yao. Pumzi yake ilimpeperusha Bi Sange khanga.

"Nitakukanyaga," alisema.

"Mtani hapigwi," alijibu Bi Sange. Alisema kwa sauti ya kusikika na waliojificha. "Tena kwenye matanga. Na wote wanatazama, mtani. Sasa tuambie, umekufa au hukufa?"

"Sikufa!"

"Tumshukuru Mungu. Kwa hiyo aliyekufa humo ndani ni Dude."

Nyuma ya kila mlango palikuwa na jicho. Mama Kanga alitoka hatua moja, anamtazama Fisi juu ya mti, lile duara la masizi shingoni, kisha anatazama mtungi uliokuwa unaonekana kupitia tundu la boma. Alingoja tu.

"Maana waliokuwamo humo ni wawili," Bi Sange aliendelea kwa upole, "wewe na hilo Dude. Likiwa zima, tuingie sote tulitafute, tuone kilichomo. Likiwa limekufa, wewe ni shujaa wetu, na hakuna haja ya kutafuta kitu. Chagua mwenyewe, mtani."

Kiboko alilitazama tundu la boma, tope likimdondoka tone kwa tone.

"Nimeliua," alisema Kiboko.

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Nimelikalia."

"Hongera, Mwenyekiti wetu. Na boma lilikuwa la nini tena?"

"La Dude."

"Na Dude halipo."

"Halipo," alisema Kiboko kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Mmemsikia shujaa," Bi Sange alisema. Akaweka ufagio chini na kuanza kung'oa miiba. Mama Kanga akaja. Wakaja wengine. Kufikia magharibi Kitovuni ilikuwa wazi, na dimbwi halikufukiwa, watoto walikataa. Waligundua kwamba matope yana michezo yake.

Kiboko alirudi mtoni akabanane na wenzake. Fisi alikaa mtini siku mbili, kwa kuwa kupanda hakujua na kushuka hakujua pia.

Nisiwadanganye kwamba hofu iliisha. Siku ya sita, jua likiwa utosini, watoto wako mstarini, Siwatu mkiani, kivuli kilipita juu ya uwanja. Kikarudi. Kina mama waliganda na miko mikononi. Bi Sange aliinua mguu ili apige.

Hakuwahi. Fyuuu, Mwewe alishuka, na kucha zake zikafumba ngumi ya vumbi. Siwatu alikuwa ameshafika chini ya kisiki, na nyuma yake watoto wote wa Mvumoni, wamebanana, wanahema, wanahesabiana vichwa.

Basi hadithi nimeiacha hapo chini ya kisiki, anayeitaka akaichukue kwa mbio.

Anayemnyima mtoto uwanja, amemnyima miguu ya kumkimbia mwewe.